Ngoma Niliyoifanya Sanduku

Shivachi,

Mashine imekubali.

Naanza na hiyo kwa sababu ndiyo ilikuwa salamu yako. Ukinikuta sokoni, ukinikuta nje ya ofisi na faili kwapani, hukuuliza habari ya mke wala ya watoto. Ulikuwa unaniulizanga tu, "Karani, mashine imekubali?" Mimi nasema bado, wewe unacheka mpaka watu wanageuka kuangalia. Sasa imekubali. Imekubali miaka miwili baada ya wewe kuingia kwa udongo, na ile siku ilikubali nilitaka kuipiga teke.

Nimekasirika, ndugu yangu. Nimekasirikia waya, nimekasirikia stima, nimekasirikia hata yule mzungu wa Lugari aliyeniuzia. Lakini hao wote hawana kosa. Kosa liko kwangu, na nimelizunguka muda mrefu. Wacha nilieleze kutoka mwanzo. Sehemu zingine unazijua. Moja hukuijua, na nilihakikisha hukuijua.

Unakumbuka wale watu walikuja na gari na mashine ya kurekodi, wakawapanga kwa uwanja wa shule? Wewe na ngoma yako kubwa kwapani, ndugu yako na ile ya kati, Mukhwana na ile ndogo, mtu wa pembe nyuma, na mke wako Truphosa mbele ya akina mama akianzisha wimbo. Mlipiga isukuti, hizo ngoma zetu tatu, mpaka yule mtu wa kurekodi akasahau mashine yake akaanza kutingisha mabega. Baadaye wakakuletea santuri moja, ndogo, nyeusi, inang'aa. Uliishika na vidole viwili kama mtu ameshika yai.

Tukaenda kuisikiliza kwa ile gramafoni ya betri ya hoteli kule sokoni. Watu walijaa mpaka mlangoni. Sindano ikashuka, na ikatoka hiyo kelele. Ulisikiliza na kichwa umekiinamisha, halafu ukasema, "Huyo si mimi. Huyo ni mtu anafukuza nyani kwa shamba na debe." Hoteli yote ikaanguka kicheko. Mukhwana akasema, "Na mimi ni nani basi? Ni nyani?" Wewe ukamwambia, "Wewe ni debe."

Lakini tukirudi Shirere ulitangulia mbele na santuri yako. Tulipofika kwa mlango wako ndipo ulisema, na sauti ilikuwa ndogo, "Karani, mimi sijawahi kujisikia. Nikipiga niko ndani. Nataka siku moja nikae kwa kiti kama bwana arusi, mikono kwa magoti, nisikie vile nyinyi mnasikia."

Nikakuambia nitakutengenezea. Nilisema haraka, bila kufikiri, kwa sababu wewe ulikuwa na mikono ambayo kila mtu aliijua na mimi nilikuwa na mhuri wa ofisi tu.

Hiyo ni dhambi ya kwanza na ni ndogo. Nilisema ni kwa ajili yako. Kweli ilikuwa yako nusu. Nusu nyingine nilitaka watu wakae kwa nyumba yangu na waseme, huyu Karani ana kitu ambacho hata Mkuu wa Wilaya hana.

Uhuru ulikuwa umekuja, na kule Lugari wazungu walikuwa wanauza mashamba na kufunga virago. Nilienda na gari la ofisi kuandika orodha ya mali. Kwa sebule ya mzungu mmoja nikakuta vitu vyote vimewekwa sakafuni: meza ya kuzungushia santuri, nzito kama jiwe la kusagia, amplifaya yenye zile taa za ndani, valvu, zinazowaka rangi ya machungwa, na spika moja, duara, kubwa kama sahani ya kulia. Sanduku la spika ndilo halikuwa. Mchwa walikuwa wamelila, limebaki unga. Yule mzee akaniambia, kwa Kiswahili chake cha shamba, "Hii iko sauti kama mtu iko hapa. Lakini bila sanduku, hapana kitu." Nikafikiri anajitetea tu. Sanduku ni nini? Mbao nne na misumari.

Nikazibeba mpaka nyumbani. Tulikuwa na bahati nyumba zetu za serikali zilikuwa na stima. Ulikuja siku ya kwanza, ukaleta santuri yako imefungwa kwa leso ya Truphosa. Nikaweka spika juu ya kiti, bila sanduku. Unakumbuka? Ngoma yako kubwa haikuwepo kabisa. Tulisikia pembe, tulisikia njuga, tulisikia Truphosa kama anaimba kwa dirisha la pili. Wewe ulikuwa umepotea. Ukasema, "Karani, sasa umenifukuza hata kwa debe."

Nikajaribu sanduku la majani ya chai. Likatetemeka kama meno ya mtu ana malaria. Nikajaribu nyungu ya mke wangu Rispa, ile ya maji. Waimbaji wote wakaanguka kisimani. Rispa akaniuliza, "Na usiku tutakunywa maji kwa mashine?"

Sasa nafika hapo, Shivachi. Nimesimama nikatembea kidogo nje kabla ya kuandika hii.

Ile wiki mlipiga kwa sherehe hapa mjini, mvua ikawakuta, ukaniachia ngoma yako. Ukasema, "Iweke kwako, mimi kifua kinanisumbua, sitaki kuibeba kwa mvua." Nikaiweka kwa kona ya sebule. Wiki hiyohiyo ukaingia hospitali. Tukasema ni homa, utatoka.

Mimi nikirudi kazini kila jioni nakuta vitu viwili vinaniangalia. Spika haina nyumba. Na pale kona kuna nyumba, imechongwa kwa gogo moja la mukumari, haina kiungo, haina msumari, duara, mdomo karibu sawa na spika. Na ni hiyo hiyo ngoma iko ndani ya santuri! Nikajiambia: kitu gani kitatoa sauti ya hii ngoma vizuri kuliko ngoma yenyewe? Nilifikiri nimegundua jambo. Niliona hata mzungu wa Lugari hakuwa na akili kama yangu. Nilifikiri utatoka hospitali, nikukalishe kwa kiti, nigeuze swichi, na utajisikia ukitoka ndani ya ngoma yako mwenyewe.

Nikatoa vigingi. Nikabandua ngozi ya kenge taratibu sana, nikasema nitairudisha. Nikaitundika kwa kamba ya nguo. Mbwa wa jirani akaenda nayo.

Hapo mtu mwingine angeacha. Mimi nikasema, si kenge wako wengi mtoni. Nikaendelea. Spika haikuingia, ilikosa kama unene wa kidole. Nikachukua patasi ya kuazima. Nikachonga mdomo wa ngoma yako. Ukapasuka upande mmoja. Nikakata hapo palipopasuka ili pawe sawa, halafu upande wa pili ili ufanane, halafu tena. Nilikata urefu wa vidole viwili vya ngoma yako mpaka nikapata pa kukaza skrubu.

Nikawasha.

Ilikuwa mbaya, Shivachi. Ilikuwa mbaya kuliko debe. Ngoma yako ina sauti moja yake, wewe unaijua, na kila kitu kikipita ndani inatia hiyo sauti. Truphosa akiimba, ngoma inanguruma chini yake. Pembe ikilia, ngoma inanguruma. Na ukianza kupiga mwenyewe unasikika mara mbili, mara moja kutoka kwa santuri na mara moja kutoka kwa mti, imevimba kama shavu la mtu anaumwa jino. Nikaweka pamba ndani. Nikaweka gunia. Nikaweka blanketi la mtoto. Nikaweka jiwe juu. Nilikuwa natokwa na jasho na natukana kwa Kiswahili na kwa Kizungu cha ofisi. Rispa alisimama mlangoni, akaangalia vipande vya mbao sakafuni, akasema, "Hiyo si ya Shivachi?" Nikamwambia amenipa. Akaenda jikoni. Hakuamini, lakini ni mke wangu, akanyamaza, na huo unyamavu nilimtwika mimi.

Siku iliyofuata nilikuja hospitali na obusuma, ugali wetu, na ingokho, kuku wa kwetu. Truphosa alikuwa amekaa kwa kitanda chako anakupepea na kadi ya hospitali. Ukala vipande viwili tu vya kuku. Halafu ukaniuliza, "Ngoma yangu iko wapi?"

Nikasema, "Iko kwangu, imekaa salama."

Ukasema, "Usiiweke karibu na jiko. Ngozi itapasuka."

Nikasema, "Sitaiweka."

Hayo ndiyo maneno yetu ya mwisho, mimi na wewe. Ngozi ilikuwa imeliwa na mbwa siku nne kabla. Ulinishukuru, hata. Ulishika mkono wangu ukasema asante, na vidole vyako vilikuwa vimekauka, na mimi nilikuwa na malengelenge ya patasi, na nikafikiri, atayasikia haya, atauliza. Hukuuliza.

Ukafa Alhamisi.

Nilitoka hospitali nikaenda moja kwa moja nyumbani, kabla hata ya kuja kwako. Nikafungua skrubu, nikaifunga ngoma kwa blanketi, nikaisukuma chini ya kitanda mpaka ukutani. Hata sijalia bado. Kwanza nilificha.

Unajua vile mpiga isukuti huzikwa. Hakuna mtu alihitaji kuambiwa. Watu walikuja kutoka ng'ambo ya mto, wamejifunga majani, pembe inalia kutoka mbali, na wote wanasubiri ngoma kubwa ianze kwa sababu hizo mbili ndogo haziwezi kuanza bila hiyo. Truphosa akaja kwangu mbele ya watu, na leso kwa kiuno, macho mekundu, akasema, "Shemeji, ngoma ya mwenyewe iko wapi?"

Nikasema, "Mukhwana alikuja kuichukua."

Sijui jina lake lilitoka wapi. Mdomo ulikuwa unatafuta mtu na yeye ndiye alikuwa hapendwi sana. Kila mtu alijua Mukhwana na pombe ya busaa. Kila mtu alijua aliwahi kuuza koti lake mwenyewe akiwa amelivaa. Ikawa rahisi sana.

Alikuja saa hiyo hiyo, amelewa kidogo kwa ajili ya uchungu, ngoma ndogo kwapani. Wakamshika. "Umeuza! Umeuza ngoma ya marehemu unywe!" Alifikiri ni mzaha, akacheka. Halafu akaona nyuso. Akasema, "Mimi? Muulizeni Karani! Karani, si iko kwako?" Watu wote wakaniangalia, na mimi nikaangalia viatu vyangu. Viatu nilikuwa nimevipaka rangi asubuhi hiyo, Shivachi. Navikumbuka kuliko uso wako kwa jeneza.

Wakamnyang'anya ile ndogo. Wakamfukuza mpaka barabarani na vijiti. Mpiga pembe akakataa kupiga. Ulizikwa na ngoma moja, ile ya kati, na ndugu yako alikuwa anapiga kama mtu anagonga mlango wa nyumba ambayo haina watu.

Sasa nakupa habari za tangu hapo. Kikundi kiliisha. Arusi za Shirere sasa wanaleta watu wa mbali, ama wanaweka redio. Truphosa haimbi, hata kanisani anafungua kitabu na kufunga mdomo. Mukhwana alienda Kabras, anakatia watu miwa. Na mimi nilikaa na mashine.

Utauliza mbona sikuitupa. Nilijiambia hivi: nilimuahidi sauti. Nikitimiza hiyo sauti, deni litapungua. Ninajua ni ujinga. Lakini nilifanya kazi kama mtu amelaaniwa. Kulikuwa na ule mlio wa stima, mmmm, kama nyuki kwa ukuta, haunyamazi hata uimbe nini. Miezi mitatu nilipigana nao, mpaka nikajua ni kwa sababu nilikuwa nimepitisha waya wa sindano karibu na waya wa stima. Nikazitenganisha, ukanyamaza. Siku mbili baadaye valvu moja ikazimika, nikangoja nyingine kutoka Nairobi mpaka nikasahau nilikuwa nangoja nini. Ikaja imevunjika. Nikaagiza tena. Sindano ikaisha, nikagundua ndiyo ilikuwa inakwaruza kila santuri niliyoazima. Kila nikiziba shimo moja maji yanatokea kwingine. Na sanduku bado. Nilitengeneza masanduku matano, yote yanapiga kelele yao wenyewe.

Mwishowe nikaenda kwa fundi Rajabu, yule wa Mumias anayechonga nyuma ya soko. Ndiye alitengeneza jeneza lako. Hakuna salamu fupi kwake, ni asalaam aleikum mpaka habari ya mbuzi. Nikamweleza nataka sanduku la mbao nyembamba, laini, zinazoimba. Akanitazama juu ya miwani. "Bwana Karani, nani alikwambia sanduku liimbe? Sanduku likiimba, mwimbaji afanye kazi gani?"

Nikasema lakini ngoma, si ngoma ni mti na inaimba?

"Ngoma, ndiyo, ni kazi yake. Sanduku ni shahidi. Likae kimya lisikilize. Ulijaribu nini kwanza?"

Nikasema, "Pipa."

Unaona? Hata kwa fundi wa mbao, hata baada ya miaka miwili, pipa.

Akanitengenezea sanduku la kuta mbili mbili, mbao ndani na mbao nje, na katikati nafasi ya kidole. Hapo tukajaza mchanga wa mto Isiukhu, niliouanika juani siku tatu na kuuchekecha kwa chekecheke ya Rispa. Lilikuwa zito, tulilibeba watu wanne kama tunabeba jiko la shule. Ukiligonga na ngumi halisemi kitu. Kama kugonga udongo.

Nikamwomba Truphosa santuri. Alinipa bila swali, kwa leso ileile.

Ilikuwa Jumamosi, mvua ya saa tisa imeisha, jua limetoka tena, Rispa ameenda sokoni na watoto. Niliweka kile kiti chenye mikono mbele ya sanduku. Chako. Mimi nikasimama. Nikashusha sindano.

Shivachi. Mlikuwa hapo.

Nilisikia nyasi. Nilisikia miguu ya akina mama ikikanyaga nyasi ya uwanja wa shule. Nilisikia Truphosa akivuta pumzi kabla ya kuanza, pumzi ndefu, kidogo inatetemeka, na sikujua kwamba aliogopanga. Ulikohoa. Tayari ulikuwa unakohoa, siku ile, na hakuna mtu alisikia. Halafu ukaanza, na ilikuwa wewe kabisa, mkono ule, na ngozi ile, na ule mdomo wa ngoma kabla sijaukata. Nilishika nywele zangu.

Na katikati, pale tulikuwa tunasema santuri imekwaruzwa, unakumbuka, ile krrr kabla ya pembe kurudi? Si mkwaruzo. Ni wewe unaita. Nilirudisha sindano mara nne. Unasema, kwa lugha ya kwetu, "Mukhwana! Kaza mkono! Usiniache peke yangu!" Na ngoma ndogo inakimbia inakufikia, na unacheka.

Nikazima. Nikakaa chini sakafuni, si kwa kiti.

Siku iliyofuata sikwenda kanisani. Nilienda Kabras. Nilimkuta Mukhwana kwa shamba la miwa, amekonda, panga mkononi, na nitakuambia ukweli, niliogopa hilo panga. Nikamwambia yote nimesimama. Nilipomaliza alipangusa panga kwa suruali, akaliweka chini, akasema, "Miaka miwili. Mama yangu amekufa akiamini mimi ni mwizi wa marehemu. Kwa sababu ya sanduku la redio."

Nikasema nisamehe.

"Hapana. Kwanza si kwa miwa. Mlinifukuza mbele ya watu, utanirudisha mbele ya watu. Wewe si karani? Andika. Mwandikie mwenyewe, yeye ndiye ulimwambia uongo kitandani. Halafu uje usome kwa mdomo wako, pale kaburini, siku ya ukumbusho. Usimtume mtu."

Nikasema nitasoma.

Akachukua panga. Nilipokuwa nimefika karibu na barabara akaniita. "Karani! Alisema nini tena, hapo kwa santuri?"

Nikamwambia. Akageuka akaendelea kukata, haraka sana, kama amepewa kipimo.

Truphosa alikuja Jumatano. Nilimpa kiti chako. Alisikiliza mikono kwa magoti, vile ulitaka wewe. Ilipofika pumzi yake, akasema, "Huyo ni mimi?" Ulipokohoa akafunga macho. Na ulipoita, akaweka mkono kwa mdomo, akasema, "Anamwita Mukhwana." Mara mbili. "Anamwita Mukhwana."

Hapo nikaingia chumbani, nikavuta ngoma kutoka chini ya kitanda, nikaiweka mbele yake bila blanketi.

Hakupiga kelele. Ningefurahi kama angepiga. Alipitisha kidole pale nilipokata, polepole, mzunguko wote. Halafu akasema, "Alikuuliza. Nilikuwa hapo. Alikuuliza na ukala naye kuku."

Akasimama, akatoa santuri kwa mashine mwenyewe, akaifunga kwa leso. Hakuniita shemeji. Akasema, "Hii inaenda nyumbani." Nyumbani ambako hakuna stima, hakuna mashine, hakuna chochote cha kuipiga. Aliondoka nayo kifuani.

Kwa hivyo sasa unaelewa hasira yangu. Nina mashine ambayo imekubali. Nina santuri za watu wengine, wanaimba kama wako sebuleni, na siwataki sebuleni. Sauti ya ngoma yako iko mahali pamoja tu duniani, kwa sanduku la Truphosa, katikati ya leso. Ngoma yenyewe Mukhwana ameichukua. Ameiwekea ngozi mpya ya kenge, ameigonga na kucha, akasema, "Hii sasa ni fupi. Italia juu, kama mtu amebanwa." Hakuna fundi wa kurudisha vidole viwili. Nilimuuliza Rajabu, safari hii bila uongo. Akatikisa kichwa, akanirudishia mlango wa kibanda usoni.

Barua hii naiandika Kiswahili kwa sababu Jumamosi, siku ya ukumbusho wako, nitaisoma mbele ya watu, na Rajabu atakuwepo, na watu wa ofisini, na wote si wa kwetu. Nataka hata mmoja asiseme hakuelewa. Mkuu wangu ataisikia. Watoto wangu wataisikia. Nimejaribu kuisoma peke yangu na kila mara sauti inakatika pale kwa viatu, lakini nitaipitisha.

Ninakuahidi mambo machache, kwa sababu ahadi kubwa uliona ziliishia wapi. Sitaruka mstari hata mmoja. Jina la Mukhwana nitalitaja kwa sauti zaidi ya jina langu. Mashine naihamisha iende kwa darasa la ile shule, ambako stima imefika mwezi huu, na Truphosa akitaka siku moja kuja na leso yake, mlango utakuwa wazi na mimi sitakuwa ndani.

Na kiti chako nitakibeba mwenyewe, kwa mgongo, kutoka mjini mpaka Shirere. Nitakiweka hapo kando yako, upande wa jua. Nikimaliza kusoma nitakunja karatasi hii niiweke chini ya jiwe, nitatoka katikati ya watu, na Mukhwana ataingia na ngoma yako kwapani. Haitalia kama wewe. Watu watasikia imekatwa, na watajua ni nani aliikata.

Kwaheri, Shivachi. Keti, weka mikono kwa magoti. Wanaanza.

Mimi,
Karani wako, Ezekieli